Kilo Sabini na Moja

Asubuhi ile Koplo alichukua dakika nzima kukaa kitini. Kiti chenyewe hakikuwa na kasoro. Kilikuwa kilekile cha magurudumu alichokalia kwa miaka tisa katika chumba cha simu cha kikosi cha zimamoto, kimeshabonyea kwa umbo lake hata mtu mwingine akikikalia anajiona mgeni. Kasoro ilikuwa mapajani. Jana yake jioni, baada ya zamu, alipanda mnara wa mazoezi mara tatu akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, na leo mapaja yalikuwa yamegoma: kukunjika hayataki, kunyooka hayataki. Akashika meza kwa mikono miwili, akauma meno, akaanza kujishusha kidogokidogo. Akiwa bado katikati, hajakaa wala hajasimama, simu ikaita.

"Zimamoto, toa taarifa," akasema kwa ile sauti yake tulivu, na palepale akafika kitini, na mguno mrefu ukamtoka bila ruhusa.

Mwanamume wa upande wa pili akashusha sauti. "Dada, samahani," akasema, "moto uko kwangu au uko kwako?"

Koplo akajikaza kisabuni, akaandika anwani, akabonyeza kengele. Lilikuwa pipa la takataka nyuma ya duka la rangi. Gari likatoka, likarudi baada ya dakika arobaini, vijana wakashuka wakicheka jambo ambalo yeye hakulijua, wakaenda kunawa. Kama kawaida, hakuna aliyepita dirishani kumwambia iliishaje.

Sasa, huyu Koplo hakuzaliwa kwenye kiti. Kwa miaka minane alikuwa mtu wa gari, mwanamke peke yake katika zamu yake, mfupi, mabega mapana, si msemaji sana, na hodari wa kufungua mlango uliokwama kuliko wanaume waliomzidi kimo. Alipopata mimba ya binti yake, Kidoti, wakubwa wakamhamishia chumba cha simu kwa muda. Jihadhari na mtu wa ofisini anayekwambia "kwa muda". Kidoti alizaliwa, akaota meno, akaanza shule, sasa yuko darasa la tatu na anamsahihisha mama yake hesabu, na ule muda bado haujaisha.

Kazi ya simu si mbaya. Ana kiti, ana feni, mvua haimfikii. Lakini ilikuwa inamla polepole kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu akaeleweka. Kwa miaka tisa alikuwa anasikia mwanzo wa kila jambo. Mama analia kwamba mtoto amebaki chumbani. Mzee anasema moshi unaingia kwa chini ya mlango. Kisha gari linaondoka, simu inakatika, na yeye anabaki na anwani kwenye karatasi. Mtoto alitoka? Mzee je? Vijana wakirudi wamechoka, ukiwauliza wanasema "tumemaliza", basi. Nyumbani, akiosha vyombo, Koplo alijitungia miisho mwenyewe, na mingi haikuwa mizuri.

Kanuni za kikosi hazikuwa na mafumbo. Mtu wa ofisini anaweza kurudi kwenye gari akifaulu jaribio la nguvu, ambalo hufanyika mara moja kwa mwaka, mradi awe hajatimiza miaka arobaini na mitano. Koplo alikuwa na arobaini na minne na miezi minane. Hata kwa hesabu za Kidoti, hilo lilikuwa jaribio lake la mwisho. Asipopita mwaka huu, atabaki palepale dirishani hadi siku ya kustaafu.

Siku chache kabla ya asubuhi ile ya kiti, alikwenda kwa Kamanda. Kamanda hakucheka, jambo ambalo mpaka leo Koplo anamshukuru. Alifungua tu kalenda. "Una wiki nane," akasema. "Na jaribio ni dakika nane. Ukizidisha sekunde moja unarudi kwenye simu, na mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Dakika nane, ukizisikia hivihivi, utadhani ni muda wa kuchemsha chai. Lakini unazitumia ukiwa ndani ya koti zito, buti, helmeti na mtungi wa hewa. Kwanza unavuta mpira wa maji uliojaa, mita hamsini. Halafu unabeba mpira mwingine uliokunjwa begani, unapanda nao ghorofa nne za mnara, unaugusisha juu, unashuka. Mwisho unamtoa Shemeji. Shemeji ni sanamu la mtu la kilo sabini, limeshonwa kwa turubai na kujazwa mchanga, halina uso. Waliliita hivyo kwa sababu kila mtu lazima alibebe na hakuna anayethubutu kulalamika mbele za watu. Unamshika kwa kwapa kutoka nyuma, unafunga mikono yako kifuani pake, unarudi kinyumenyume mita thelathini mpaka mstari mweupe. Ukimwangusha, unamwokota. Ukikaa chini kupumzika, umeshindwa.

Mkufunzi alikuwa Sajini, mtu mrefu, mwembamba, asiyepandisha sauti hata siku moja, na hilo ndilo lililowatisha watu. Jioni ya kwanza Koplo alifika ghorofa ya tatu, dunia ikazunguka, akatapika pembeni mwa ngazi. Sajini akapanda, akaangalia.

"Umetapika ndani ya helmeti au nje?"

"Nje, Sajini."

"Basi akili bado unayo. Mwaga mchanga hapo, zoa, halafu uendelee ulipoishia."

Ikawa ndiyo desturi yao. Kuna watu mazoezi yanawapanda misulini. Koplo yalimpanda tumboni. Kila alipofika mahali pa kukosa pumzi, tumbo nalo lilitaka kutoa maoni yake. Alijaribu kula mapema, akajaribu kutokula kabisa, akajaribu kunyonya limau. Tumbo halikubali rushwa. Mwishowe alilizoea, na kila jioni akapanda na ndoo ya mchanga yake mwenyewe. Vijana wa zamu, waliokuwa wakimtania mwanzoni, walipoiona ile ndoo siku ya sita mfululizo wakaacha utani, na mmoja akaanza kumjazia kabla hajafika.

Nyumbani alimwambia mumewe peke yake. Mumewe ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache, aliyezoea kusikiliza kitu kinavyonguruma kabla ya kukigusa. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Unataka kweli?"

"Nataka kweli."

"Haya. Ila Mama tusimwambie bado."

Mama alikuwa mama yake mzazi, yaani mama mkwe wa Koplo, na alikuwa anaishi nao tangu alipostaafu upishi katika shule ya bweni. Miaka thelathini alikuwa amesimama mbele ya sufuria za lita mia, akikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, akihesabu muda kwa mdomo kwa sababu saa ya jikoni ilikufa zamani na hakuna aliyeinunua nyingine. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mkali kiasi, na mwenye hamu moja iliyobaki duniani: mjukuu wa pili.

Basi tazama mambo yalivyokwenda mrama. Mama mkwe anamwona mke wa mwanawe anarudi jioni, uso umempauka, anaingia bafuni na kutapika. Anamwona anashuka ngazi kaegemea ukuta. Chakula anakisukuma pembeni, saa mbili kasoro keshalala fofofo. Mpishi wa miaka thelathini, aliyelea watoto watano, hakuhitaji daktari wa kumfafanulia. Akanyamaza zake, akaanza kutabasamu peke yake jikoni.

Siku zilizofuata Koplo aliishi kama malkia. Aliletewa mto wa kuegemea. Ndoo za maji alinyang'anywa mikononi. Nyama laini ilisogezwa upande wake wa sahani, na zile lawama za kila siku, kuhusu chumvi, kuhusu mapazia, kuhusu viatu mlangoni, zikakatika kama mvua iliyopita. Koplo alielewa mapema nini kinaendelea. Alipaswa kusema siku ileile. Hakusema. Mwili wote ulikuwa unamuuma mpaka nywele, na ule mto ulikuwa mto mzuri sana. Tusimhukumu haraka, wengi wetu tungekaa kimya pia.

Wiki ya tatu alikuta kitu kitandani kwake: jozi ya soksi za manjano za kufuma kwa mkono, ndogo kiasi kwamba mbili pamoja zilienea kwenye kiganja. Koplo akakaa nazo muda mrefu. Aibu aliyoisikia ilizidi maumivu ya mnara na kichefuchefu vikiwekwa pamoja. Akainuka, akaenda jikoni akiwa amezishika.

"Mama," akasema, "mimi si mjamzito."

Akaeleza yote: mnara, mpira, dakika nane, kurudi kwenye gari. Mama mkwe aliendelea kukata vitunguu hadi maneno yalipokwisha. Kisha akachukua zile soksi, akazitia mfukoni mwa aproni, akasema, "Sawa, Mama Kidoti," na kwa siku mbili nzima hakusema neno lingine. Mto ukarudi sebuleni. Fundi wa friji, aliyejua kusikiliza kitu kinavyonguruma, alikuwa anakuja kula na kuondoka kama mgeni wa hoteli.

Siku ya tatu Koplo alikuwa amelala chali kwenye korido, kwa kuwa sakafu ya pale ilikuwa baridi na ilimpoza mgongo. Mama mkwe akaja akasimama juu yake.

"Huyo Shemeji wenu ana kilo ngapi?"

"Sabini, Mama."

"Na unafanya naye mazoezi kila siku?"

"Ijumaa tu. Siku nyingine anafungiwa stoo, na mtu wa stoo anaondoka kabla zamu yangu haijaisha. Hapo ndipo panaponitia wasiwasi. Mnara nauweza. Yeye bado."

Mama mkwe akafikiri. "Nilipimwa kliniki mwezi uliopita," akasema. "Nina sabini na moja. Inuka ulete blanketi kuukuu."

Kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa mbele ni mita kumi na moja. Koplo alitandika blanketi, mama mkwe akaketi katikati yake kwa heshima zote, miguu ameinyoosha, vazi amelibana magotini. Koplo akashika ncha mbili za blanketi, akaanza kurudi nyuma. Mama mkwe akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti, na hazikupishana na saa hata moja. Kwenda, kurudi, kwenda tena. Zikapita mita thelathini. Jioni ya pili fundi wa friji alifungua mlango na sanduku lake la vyombo mkononi, akamkuta mama yake anamjia kwa mgongo juu ya blanketi.

"Arobaini na mbili, arobaini na tatu, karibu mwanangu, kaa pembeni, arobaini na nne."

Fundi akakaa pembeni. Kidoti ndiye aliyetaka naye aburutwe, akaambiwa yeye ni mwepesi, hana faida.

Hivyo ndivyo wiki zilivyokwenda. Kila jioni mnara na ndoo ya mchanga, halafu korido na blanketi. Ijumaa, siku ya Shemeji, Koplo alikuwa akitoa visingizio: leo nimalizie mnara, leo nina simu nyingi, nyumbani ninavuta uzito uleule. Sajini akasema sawa. Yeye naye alijiambia sawa. Kilo ni kilo.

Lakini alijua, na mama mkwe alijua, kwamba blanketi halikutandikwa kwa ajili ya kuteleza sakafuni tu. Shemeji habebwi kwa blanketi. Anakumbatiwa. Na kwa miaka kumi na miwili ya ndoa Koplo alimwamkia mama mkwe wake kwa kuinamisha kichwa na kumpa mikono miwili, akamtengea kiti, akampisha mlangoni. Kumkumbatia hakuwahi hata mara moja, achilia mbali kumshika kwa nyuma na kufunga mikono kifuani pake kama wanaopigana mieleka. Mkwe hashikwi hivyo. Hakuna aliyelisema hilo kwa mdomo. Blanketi liliwastiri wote wawili, nao wakaliacha liwastiri.

Siku sita kabla ya jaribio Sajini alimtoa Shemeji stoo, akamlaza kwenye zege. "Leo yote matatu," akasema, akashika saa yake.

Koplo akavuta mpira vizuri. Akapanda mnara, akashuka, kichefuchefu kimemkaba koo lakini hakitoki. Akamfikia Shemeji akiwa na muda wa kutosha, akainama, na mikono yake, kwa mazoea, ikatafuta ncha za blanketi. Ikapapasa zege.

"Unatafuta nini?" Sajini akauliza.

"Blan..." Koplo akameza neno.

"Watu wa ndani ya moto hawatakutandikia blanketi," Sajini akasema taratibu. "Mshike kwapa."

Akamshika kwapa. Lakini mgongo uliokuwa umejifunza kuvuta kwa mikono iliyonyooka haukujua la kufanya na mzigo uliolala kifuani. Shemeji akamponyoka mara ya kwanza, akamponyoka mara ya pili, na alipofika mstari mweupe saa ilisoma dakika tisa na sekunde ishirini. Sajini hakumgombeza. Alifunika saa kwa kiganja, akasema, "Wiki zote hizi ulikuwa unavuta nini?" na Koplo akaanza kuvua mtungi, maana jibu lenyewe halikuwa la kusemwa mbele ya wanaume.

Alirudi nyumbani kwa miguu, makusudi, ili achelewe. Moyo ulikuwa mzito kuliko mtungi. Akiwa anapita maduka yanayofungwa alishajipangia maisha yote: kiti, feni, dirisha, anwani kwenye karatasi. Si maisha mabaya. Watu wangapi wanaitamani kazi kama ile. Akajipa moyo hivyo hadi mlangoni, na mlangoni moyo ukakataa.

Mama mkwe alikuwa tayari kwenye korido, blanketi limeshatandikwa.

"Leo tusifanye, Mama."

"Kwa nini?"

Koplo akaegemea ukuta, akaeleza. Alieleza haraka, akitazama sakafu, kuhusu kwapa na mikono kifuani na dakika tisa na ishirini.

"Kwa hiyo umeniburuta mwezi mzima bure," mama mkwe akasema.

"Si bure kabisa. Miguu imepata nguvu."

"Ulijua kwamba ndivyo anavyoshikwa?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukunishika hivyo toka mwanzo?"

Koplo akasikia masikio yanapata moto. "Niliona haya, Mama."

Mama mkwe akaitazama mikunjo ya blanketi. "Hata mimi," akasema. Kisha akainama, akalikunja lile blanketi mara nne, kwa ustadi, kingo kwa kingo, akaliweka kwenye kigoda. Akavua miwani, akampa Kidoti amshikie. Akajilaza chali kwenye sakafu baridi, mikono ubavuni, akafumba macho. "Haya. Njoo."

Koplo akapiga magoti kichwani pake. Akapitisha mikono chini ya kwapa, akamwinua akae, akafunga vidole vyake juu ya kifua cha mama mkwe. Alisikia harufu ya sabuni ya kufulia na ya dawa ya kuchua. Alisikia pia moyo, unakwenda mbio, na hakujua ni wa nani kati yao. Mama alikuwa amekauka kama ubao.

"Legea kidogo, Mama. Mtu aliyezimia hajikazi."

"Mimi sijawahi kuzimia. Nitajuaje?"

Kidoti akacheka, mama mkwe naye akaanza kucheka, na mtu anayecheka hawezi kujikaza. Mwili wote ukamwangukia Koplo kifuani, kilo sabini na moja kamili. Akasimama naye. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, tano. Katika mzunguko wa pili mama mkwe, aliyekuwa anahesabu, akaacha kuhesabu.

"Unajua," akasema, akiwa anatazama dari linavyopita, "tangu tumzike baba wa mumeo, hakuna mtu aliyenishika. Miaka kumi na minne. Watu wananipa mkono tu."

Koplo akarudi nyuma hatua nyingine. Akambana zaidi. Kwa siku tano zilizobaki walifanya hivyo asubuhi na jioni, na siku ya nne hakuna aliyeona haya tena. Mama mkwe alikuwa hata anamkosoa: shusha nyonga, usinivute kwa mabega, unaninyonga.

Siku ya jaribio kulikuwa na mawingu mepesi na ubaridi kidogo, hali nzuri kwa mtu aliyevaa koti la moto. Walikuwa watu saba, na aliyemkaribia Koplo kwa umri alimzidi udogo kwa miaka kumi na mmoja. Tumbo lilianza maoni yake kabla hata filimbi haijalia. Akaliambia kimoyomoyo: leo sema utakacho, mimi sisimami.

Mpira akauvuta, mapaja yakiwaka. Mnara akaupanda kwa mwendo uleule mmoja, bila kukimbia, maana alishajifunza kwamba wanaokimbia ghorofa ya kwanza huonekana wamekaa ghorofa ya tatu. Akagusisha mpira juu, akashuka. Alipomfikia Shemeji, Kamanda alitangaza kwamba imebaki dakika moja na nusu.

Akainama, akapitisha mikono kwapani, akafunga vidole, akashusha nyonga. Shemeji akainuka. Mita tano, mita kumi. Kwenye mita ya kumi na tano tumbo likafika lilipokuwa linaelekea. Koplo akageuza shingo lakini hakugeuza vya kutosha, na vyote vikaishia kwenye bega la Shemeji. Hakusimama, hakumwachia.

"Nisamehe, Mama," akamwambia lile sanamu, na kila aliyekuwa karibu alimsikia.

Hakuna aliyecheka. Mita ishirini, mita ishirini na tano. Alikuwa haoni tena, jasho limemfumba, alisikia tu buti zake zinakwaruza zege, na sauti ya Sajini, mtu asiyepandisha sauti, akipiga kelele: "Rudi nyuma! Rudi nyuma! Rudi!" Halafu mtu akamshika mabega kumsimamisha, kwani alikuwa ameshauvuka mstari na bado anaburuta.

"Dakika saba na sekunde hamsini na sita," Kamanda akasoma. Akaisoma tena, polepole, ili karani aandike sawasawa.

Koplo aliketi juu ya ngazi za gari, akalia kidogo, akanywa maji. Zamu yake ya kwanza ilipangwa Jumatatu.

Nyumbani mama mkwe alikuwa anamngoja mlangoni, mwiko mkononi. Aliposikia matokeo alipiga vigelegele hadi majirani wa juu wakafungua dirisha. Fundi wa friji alimshika mkewe mkono na kuubana, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba. Wakala chakula. Koplo alikula sahani mbili, na tumbo likanyamaza kimya kama halimjui. Kidoti alipokwenda kulala na fundi alipotoka kuzima taa ya ngazi, wanawake wawili wakabaki mezani.

"Jumatatu," mama mkwe akasema.

"Jumatatu, Mama."

"Wakikwambia ingia ndani, unaingia?"

"Kama kuna mtu ndani, naingia."

"Hata kama moto umeshashika darini?"

Koplo angeweza kumdanganya kidogo, kumtuliza. Lakini alishamdanganya mara moja, kwa kukaa kimya. "Hata hivyo," akasema.

Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari aliyokuwa nayo zamani. Machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyafuta.

"Nilijua," akasema. "Usidhani nilikuwa sijui unafanyia mazoezi nini. Nilikuwa nahesabu kwa sauti ili nisifikirie. Nimekusaidia mwenyewe, kwa uzito wangu mwenyewe, uende mahali ambapo sitaki uende."

Koplo akainuka, akazunguka meza, akamkumbatia, safari hii kwa mbele. Mama mkwe akamshika mgongo, pale mtungi unapokaa, pale palipokuwa bado panauma, naye Koplo hakusema kwamba panauma. Wakakaa hivyo mpaka fundi aliporudi, akawaona, akageuka akaenda kuhakikisha taa ya ngazi imezimika kweli.

"Nikwambie kitu," mama mkwe akasema hatimaye, mdomo uko karibu na sikio la Koplo. "Ukimkuta mama wa mtu huko ndani, usimwonee haya. Mshike hivihivi."

"Nitamshika, Mama."

"Na wewe mwenyewe utoke."